Ununuzi wa Autonomy: huduma nne zilizolipiwa, na ipi ilistahili fedha zake

Bidhaa iliyonunuliwa ilikuwa kampuni ya programu ya Cambridge, Uingereza. Mnunuzi ni Hewlett-Packard (HP) ya California. Bei ilikuwa pauni 25.50 kwa kila hisa, jumla dola bilioni 11 na ushei. Ofa ilitangazwa 18 Agosti 2011, dili likafungwa 3 Oktoba mwaka huohuo. Novemba 2012 HP ikafuta vitabuni dola bilioni 8.8, ikasema zaidi ya bilioni 5 kati ya hizo zilipotea kwa sababu hesabu za Autonomy zilikuwa zimepikwa.

Tathmini hii haiipimi programu yenyewe. IDOL, injini ya Autonomy ya kutafuta na kupanga taarifa, ni bidhaa ya kweli; imepita mikononi mwa Micro Focus na leo inauzwa na OpenText. Tunachopima ni huduma zilizoizunguka biashara ile: ukaguzi wa hesabu, uchunguzi wa kabla ya kununua, mashtaka ya jinai ya Marekani na kesi ya madai ya London. Zote nne zililipiwa fedha nyingi ili kujibu swali moja: nani alaumiwe, na kwa kiasi gani? Majibu yao yanapishana mno, na mtu anayesoma jibu moja tu atatoka na picha potofu.

Kilichokuwa ndani ya hesabu

Autonomy ilijitangaza kuwa kampuni ya programu tupu. Soko hulipa bei ya juu kwa kampuni ya aina hiyo kwa kuwa leseni ya programu ikishatengenezwa, kuiuza mara ya pili hakugharimu karibu chochote. Muuza kompyuta hapati bei hiyo.

Sasa, kati ya 2009 na katikati ya 2011, Autonomy ilikuwa pia ikinunua mashine za kampuni nyingine, hasa Dell, na kuwauzia wateja wakubwa, mara nyingi kwa hasara, bila kulitangazia soko. HP ilisema 2012 kwamba mauzo hayo yalikuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya mapato yote. Kazi yake ilikuwa kuziba pengo: robo mwaka inakaribia kuisha, lengo la mapato halijafikiwa, inaingizwa oda ya mashine.

Hapa kuna kipengele ambacho wengi hukipita. Chukua mfano wa seva iliyonunuliwa kwa 110 na kuuzwa kwa 100. Ukiiweka 110 yote kwenye gharama za mauzo (yaani gharama ya bidhaa iliyouzwa), unapata hasara ghafi ya 10, na kila mchambuzi ataona faida ghafi ya kampuni imeshuka, atauliza kulikoni. Lakini ukihamisha 50 kati ya hiyo 110 kwenye gharama za masoko, ukidai ulimuuzia mteja kwa hasara ili kujitangaza, basi vitabu vinaonyesha faida ghafi ya 40. Faida ya mwisho haibadiliki hata senti, bado ni hasara ya 10. Kinachobadilika ni sura ya biashara. Mkaguzi anayeangalia mstari wa mwisho tu hataona kitu.

Njia ya pili ilipitia kwa wauzaji wa kati. Tazama muamala wa Maktaba ya Vatikani. Tarehe 31 Machi 2010, siku ya mwisho kabisa ya robo ya kwanza, Autonomy iliandika mapato ya zaidi ya dola milioni 11 kwa kuiuzia kampuni ya kati, MicroTech, leseni iliyokusudiwa kwa ajili ya mradi wa Vatikani. Vatikani ilikuwa bado haijasaini, na haikusaini kamwe. Baadaye Autonomy yenyewe ikanunua bidhaa kutoka kwa MicroTech, na fedha zikazunguka kurudi zilikotoka. Jaji wa London aliupitia muamala huu na mingine mingi ya aina yake, akaona muuzaji wa kati hakutarajiwa kulipa kwa fedha zake mwenyewe.

Kiwango cha kimataifa cha wakati ule, IAS 18, kiliweka masharti matano kabla ya kuandika mapato ya bidhaa: hatari na manufaa ya umiliki yawe yamehamia kwa mnunuzi, muuzaji asibaki na usimamizi wa kitu alichouza, kiasi kipimike, malipo yawe na uwezekano wa kupatikana, na gharama zipimike. Kwenye miamala ya aina ya Vatikani, masharti yaliyopwaya ni la kwanza, la pili na la nne. Mkaguzi wa Nairobi au Dar es Salaam anaifahamu lugha hii, kwa kuwa Kenya na Tanzania zinatumia viwango hivyohivyo vya kimataifa (leo IFRS 15 imeshika nafasi ya IAS 18).

Ni haki kusema upande wa pili pia. Kuuza mashine si kosa. Kumuuzia wakala kabla ya mteja wa mwisho kusaini si kosa lenyewe. Kuna mazingira ambamo viwango vinaruhusu. Upande wa utetezi ulisisitiza miaka yote kwamba Wamarekani walikuwa wakizisoma hesabu za Uingereza kwa miwani ya viwango vya kwao. Hoja hiyo ina uzito katika baadhi ya miamala. Haijibu swali la kutangaza, yaani kwa nini soko liliambiwa hii ni kampuni ya programu tupu.

Ukaguzi wa hesabu: alama 1 kati ya 5

Mkaguzi alikuwa Deloitte. Septemba 2020 baraza la nidhamu la msimamizi wa wakaguzi wa Uingereza, FRC, liliitoza Deloitte faini ya pauni milioni 15, kubwa kuliko zote za baraza hilo hadi siku hiyo. Mkaguzi kiongozi, Richard Knights, alitozwa pauni 500,000 na kufungiwa uanachama wa chama cha wahasibu kwa miaka mitano. Mwenzake, Nigel Mercer, alitozwa pauni 250,000. Makosa yalihusu mambo mawili yaleyale: mashine na wauzaji wa kati.

Kinachofanya alama ishuke hadi 1 ni kwamba onyo lilikuwepo. Katikati ya 2010 mkuu wa fedha wa upande wa Marekani wa Autonomy aliwasilisha malalamiko ya maandishi kuhusu namna mapato yalivyoandikwa. Yalifika hadi kwa mkaguzi na kwa msimamizi wa masoko ya fedha. Mlalamikaji akapoteza kazi, hesabu zikaendelea kupitishwa.

Kazi ambayo ilipaswa kufanyika haikuhitaji ufundi wa ajabu. Kwa kila mauzo makubwa ya wiki mbili za mwisho wa robo, mkaguzi anamwandikia mteja wa mwisho moja kwa moja, siyo muuzaji wa kati, kuuliza kama ameagiza. Anafuatilia fedha zilizoingia baada ya robo kuisha na kuangalia zimetoka akaunti ya nani. Anapanga majina ya wateja na majina ya wasambazaji kwenye karatasi moja. Jina linalotokea pande zote mbili linawekewa alama. Barua ya uthibitisho kutoka kwa wakala peke yake haitoshi, maana wakala atathibitisha anadaiwa. Swali ni kama atalipa, na kwa fedha za nani.

Uchunguzi wa kabla ya kununua: alama 2 kati ya 5

HP haikununua mbuzi kwenye gunia kwa kukosa wa kulifungua. Iliajiri KPMG kwa upande wa hesabu; Perella Weinberg na Barclays walikuwa washauri wa dili. Mkurugenzi wake wa fedha, Cathie Lesjak, aliupinga ununuzi huo. Oracle, kampuni nyingine kubwa ya programu ya Marekani, ilikuwa imeonyeshwa kampuni hiyohiyo miezi michache kabla, na ikasema hadharani kwamba hata thamani ya soko ya wakati ule, kama dola bilioni 6, iliiona ni kubwa mno. HP ikaongeza zaidi ya asilimia 60 juu ya bei ya hisa iliyokuwepo.

Kwa nini basi tusiipe 0? Kwa sababu kanuni za Uingereza za ununuzi wa kampuni zilizo sokoni humfunga mikono mnunuzi. Taarifa yoyote inayopewa mnunuzi mmoja lazima ipewe pia mshindani akijitokeza na kuiomba, hata asiyetakiwa. Matokeo yake, kampuni inayouzwa hutoa kidogo. Ofa thabiti ikishatangazwa, kujitoa ni kugumu sana. Mnunuzi hawezi kusema tu kwamba amebadili mawazo. Na hakuna wa kukupa hakikisho la mkataba, maana unanunua kutoka kwa maelfu ya wanahisa waliotawanyika. Ukinunua kampuni binafsi, muuzaji anasaini ukurasa baada ya ukurasa wa viapo kuhusu hesabu, na sehemu ya bei inaweza kushikiliwa na mtu wa tatu kwa mwaka au miwili. Hapa havikuwepo.

Lakini haraka ilikuwa ya HP yenyewe. Siku ileile ya tangazo, bodi ilitangaza pia mpango wa kujitenga na biashara ya kompyuta binafsi. Hisa za HP ziliporomoka kwa karibu moja ya tano siku iliyofuata. Mwezi mmoja baadaye, 22 Septemba, mtendaji mkuu aliyelivalia njuga dili hili, Léo Apotheker, aliondolewa, na Meg Whitman akakabidhiwa kampuni kabla ununuzi haujakamilika. Kwa hiyo Autonomy iliingia kwenye nyumba ambayo aliyeialika hayumo tena. Mwaka 2015 HP ililipa dola milioni 100 kumaliza madai ya wanahisa wake walioona wamepotoshwa kuhusu mambo haya.

Ukiajiri timu ya kazi kama hii na muda ni wiki chache, usiwape orodha ya mambo mia mbili. Wape matano: mchanganuo wa mapato kwa aina (leseni, huduma, mashine) kwa robo nane mfululizo, mauzo yote makubwa ya siku kumi za mwisho za kila robo na jina la mteja wa mwisho, umri wa madeni ya wauzaji wa kati, orodha ya majina yaliyo wateja na wasambazaji kwa pamoja, na malalamiko yote ya ndani kuhusu hesabu kwa miaka mitatu. Muuzaji akikataa kutoa la kwanza, hilo ni jibu tosha. Punguza bei au ondoka.

Mashtaka ya jinai Marekani: alama 2 kati ya 5

Ofisi ya Uingereza ya kupambana na ulaghai mkubwa, SFO, ilichunguza na Januari 2015 ikaacha: kwa baadhi ya tuhuma haikuona ushahidi wa kutosha, kwa nyingine ikawaachia Wamarekani. Hapo ndipo haki ilipoanza kuchechemea. Kampuni ya Uingereza, hesabu za Uingereza, mkaguzi wa Uingereza, hisa zilizouzwa London; kesi ikasikilizwa San Francisco.

Sushovan Hussain, mkurugenzi wa fedha wa Autonomy, alitiwa hatiani Aprili 2018 kwa makosa 16, akafungwa miaka mitano, na rufaa yake ikashindwa. Mike Lynch, mwanzilishi na mtendaji mkuu, alishtakiwa Novemba 2018. Alipambana asikabidhiwe, akashindwa, akasafirishwa Mei 2023. Dhamana yake iliwekwa dola milioni 100, akakaa zaidi ya mwaka kwenye nyumba aliyowekewa walinzi saa 24 kwa gharama zake mwenyewe. Kesi ilianza Machi 2024 mbele ya jaji yuleyule wa Hussain, Charles Breyer. Shtaka moja jaji alilifuta kabla ya mwisho. Tarehe 6 Juni 2024 jopo la raia 12 liliwaachia huru Lynch na Stephen Chamberlain, aliyekuwa makamu wa rais wa fedha, kwa mashtaka yote 15 yaliyobaki: moja la kula njama na 14 ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano.

Kwa hiyo mkurugenzi wa fedha alifungwa, bosi wake akaachiwa, na msaidizi wake pia akaachiwa. Watu husema hukumu hizo haziwezi kuwa za kweli zote. Zinaweza. Majopo mawili tofauti yalisikia ushahidi tofauti, miaka sita baina yao, dhidi ya watu tofauti. Anayeshtakiwa kwa jinai hatiwi hatiani kwa sababu hesabu zilikuwa za uongo. Ni lazima ithibitishwe, bila kuacha shaka yoyote ya msingi, kwamba yeye alijua na alikusudia kulaghai. Lynch alipanda kizimbani na kueleza kwamba mambo ya uhasibu aliwaachia wahasibu. Jopo halitoi sababu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lilimwamini au liliona tu upande wa mashtaka haukufikisha mzigo wake.

Alama tunazokata ni za mambo mawili. Kwanza ni mpangilio. Lynch alitoa ushahidi kwenye kesi ya madai ya London 2019 akiwa tayari ameshtakiwa Marekani. Akikaa kimya, anashindwa kesi ya mabilioni. Akisema, kila neno linakwenda mezani kwa mwendesha mashtaka wa jinai. Hakuna mshtakiwa anayepaswa kuchagua hivyo, na ilikuwa rahisi kuepusha kwa kusubirisha kesi moja. Pili ni kiti cha kesi. Sheria ya Uingereza ina kipengele kinachomruhusu jaji kuzuia mtu asikabidhiwe pale ambapo sehemu kubwa ya tendo ilifanyika Uingereza; hapa kilijaribiwa na hakikufua dafu. Alama mbili tulizozibakiza ni za jopo: lilisikiliza kwa zaidi ya wiki kumi, likapima watu wawili na kutoa jibu kwa kila shtaka.

Mahakama Kuu ya London: alama 4 kati ya 5

HP ilifungua madai 2015, ikidai takriban dola bilioni 5 kutoka kwa Lynch na Hussain. Usikilizaji ulianza Machi 2019 na kuchukua siku 93. Jaji Robert Hildyard alitoa muhtasari Januari 2022 na hukumu kamili Mei mwaka huo, kurasa zaidi ya 1,500.

Njia ya kisheria yenyewe ilikuwa ya kuzunguka. Kwa kuwa hakuna mkataba kati ya HP na wanahisa, dai lilitegemea kifungu cha 90A cha sheria ya huduma za fedha ya 2000, kinachoiwajibisha kampuni iliyotoa taarifa za uongo sokoni ikiwa kiongozi wake alijua. Kampuni, siyo kiongozi. Na kampuni hiyo sasa ilikuwa mali ya HP. Basi chombo cha HP kilichonunua hisa kikaidai Autonomy, Autonomy (iliyo mikononi mwa HP) ikakiri, kisha Autonomy ikawageukia Lynch na Hussain iwalipishe. Msomaji atauliza, na ana haki: mtu anajidai mwenyewe, anajikiria mwenyewe, halafu anamletea mwingine ankara? Jaji hakuuchukua ule ukiri kuwa ushahidi. Alipitia muamala mmoja baada ya mwingine: je, taarifa ilikuwa ya uongo, je, Hussain alijua, je, Lynch alijua, je, HP iliitegemea. Akaona wote wawili walijua. Kipimo hapa ni cha madai, yaani lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, kwa hiyo hukumu hii na kuachiwa huru kwa Lynch kule San Francisco zinaweza kukaa pamoja kisheria. Tofauti kubwa ni kwamba London ilitoa sababu, ukurasa kwa ukurasa, na mtu anaweza kuzisoma na kuzipinga.

Tarehe 19 Agosti 2024, wiki kumi na moja tu baada ya kuachiwa, Lynch alifariki wakati jahazi la kifahari Bayesian lilipozama Porticello, Sicily. Watu saba walipoteza maisha, akiwemo binti yake na wakili wake Christopher Morvillo. Chamberlain aligongwa na gari siku mbili kabla akikimbia mazoezi, naye akafariki. Dai la madai halifi na mtu. Liliendelea dhidi ya mirathi yake.

Julai 2025 Hildyard akakokotoa fidia. Swali lake halikuwa Autonomy iligeuka kuwa na thamani gani mikononi mwa HP, bali HP ingelipa bei gani Agosti 2011 kama ingeziona hesabu za kweli. Jibu lake: pauni 23 kwa hisa badala ya 25.50. Tofauti ya pauni 2.50, ukiizidisha kwa hisa zote, ni kama pauni milioni 646. Na vipande vingine, jumla ikapita milioni 700. Dai la HP akaliita la kutiwa chumvi kupita kiasi.

Piga hesabu mwenyewe. Pauni 2.50 katika 25.50 ni karibu moja ya kumi ya bei. HP ililiambia soko 2012 kwamba udanganyifu ulikula karibu nusu. Sehemu kubwa ya hasara ile, kwa kipimo cha mahakama, haikuletwa na vitabu vya Autonomy: ni bei ambayo HP ilikubali kulipa, na thamani iliyopotea baada ya funguo kukabidhiwa. Kati ya huduma nne, hii ndiyo pekee iliyomwambia muuzaji kwamba alidanganya, na mnunuzi kwamba mengi aliyopoteza ni yake, na ikaweka tarakimu kwenye kila upande.

Alama moja tumeikata kwa muda. Miaka kumi ilipita tangu dai kufunguliwa hadi tarakimu ya fidia kutajwa. Ilipotajwa, mdaiwa wa kwanza alikuwa kaburini karibu mwaka mzima, na wa pili alikuwa ameshatumikia kifungo chake na kutoka.